Utepe wa Kijani Juu ya Mlango

Jumanne, tarehe 3 Juni

Ufunguo ninao! Unaning'inia shingoni mwangu pamoja na utepe wa kupimia. Msusi kauona. Kajifanya hajauona.

Daftari hili ni la vipimo vya wateja, ila kurasa za nyuma ziko wazi, na mke wangu amenipiga marufuku kuongea wakati wa kula. Basi naandika. Mtu lazima apumue.

Mama Mwenye Nyumba kaondoka asubuhi mbio mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Bintiye kajifungua kabla ya siku zake. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Kaniita mbele ya watu, akasema fundi, nakuachia Mzee.

Mzee ni mmea. Wa kutambaa, majani kama moyo, kijani na michirizi ya njano. Marehemu mumewe aliuleta ndani ya kopo mwaka aliofariki, na tangu siku hiyo nyumba nzima tunauita Mzee. Wengine wanamwamkia. Chungu chake kiko juu ya kabati, pembeni mwa sebule. Kutoka pale kapanda ukutani kwa misumari midogo, kapita juu ya mlango, kapita juu ya dirisha, kaizunguka picha ya harusi, kateremka mpaka kwenye kiti cha Mama. Ncha yake inamgusa sikio. Kila asubuhi Mama anaisalimia ile ncha kabla hajasalimia binadamu. Futi thelathini na moja! Nilimpima mwenyewe mwaka jana, maana watoto wake hupiga simu kuuliza Mzee kafika wapi.

Sasa jambo lenyewe. Fundi saa anahama, na chumba chake cha mbele kitakuwa wazi. Chumba chenye dirisha la barabarani. Tunakitaka wawili. Mimi mwaka wa tisa huu nashonea chini ya ngazi, na macho yamechoka na lile giza. Mwezi uliopita nilimshonea mwalimu koti, mkono wa kulia nikauweka kushoto na wa kushoto kulia. Akivaa, anaonekana anaondoka huku anakuja. Wateja wanne wamenihama. Mwaka mwingine chini ya ngazi na mimi si fundi tena, ni mzee mwenye cherehani. Msusi naye anasukia barazani, jua utosini, mvua mgongoni. Mama kasema akirudi ndipo atatoa neno. Hakusema kwamba Mzee ndiye mtihani. Kwani lazima mtu aambiwe kila kitu?

Kaniachia kadi ya maagizo. Chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu mpaka kiungo cha pili, ndipo umwagie. Majani yapanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Jua lisimpige. Pazia lisiguswe. Hilo la pazia sikulielewa. Vumbi, labda.

Kazi ya mtoto hii! Chumba changu.


Jumatano, tarehe 4 Juni

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Niandike polepole. Mpango ulikuwa mzuri: Mama arudi amkute Mzee anang'aa kuliko alivyomwacha. Nikapanda kiti, kitambaa mkononi, nikapangusa jani moja moja. Huku namsimulia jirani aliye uani, kupitia dirishani, sababu hasa inayomhamisha fundi saa (si ile anayoisema). Mkasi ulikuwa kidoleni. Nilitoka nao kazini, siuvui, mke wangu anasema hata nikilala vidole vinakata.

Juu ya mlango nikaona kitu kimechomoka kwenye msumari. Kimening'inia, chembamba, kimepinda. Fundi yeyote akiona uzi unaning'inia hafikiri. Mkono unakwenda wenyewe.

Kach!

Jirani aliuliza mbona nimenyamaza. Sijawahi kuulizwa hivyo maishani.

Futi tisa ziko upande wa chungu. Futi ishirini na mbili zimebaki ukutani, hazina baba wala mama.


Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimemshona.

Usicheke, daftari. Nilizikutanisha ncha mbili, nikazifunga kwa uzi wa kijani, juu nikazungusha utepe wa kijani wa satini uliobaki kwenye gauni la bi harusi mmoja. Ukisimama mbali huoni kitu. Ukisimama karibu unaona Mzee kavaa tai.

Mke wangu kanitazama nikirudi, akaniuliza nimevunja nini. Nikasema sijavunja. Akasema basi nimekata nini. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, jamani, si mchezo. Nikamweleza. Kachukua kamba, kaufunga mkasi kwenye mguu wa cherehani kama mbuzi.


Ijumaa, tarehe 6 Juni

Majani kati ya mlango na dirisha yamenywea. Yamelegea kama masikio ya mbwa aliyekaripiwa.

Lakini ajabu! Kuanzia dirishani mpaka kwenye kiti, majani yamesimama. Yanang'aa, kama hayana habari. Nikasema huu ni utepe wangu umefanya kazi, dawa imeruka ikaanzia mbele. Nikapiga magoti kushukuru. Bado nimepiga magoti, nikasikia mtu anakohoa dirishani.

Msusi! Kaja kuazima kiti, eti mteja wake kakosa pa kukaa. Huyu anaitana dada na mke wangu, kwa hiyo ananiita shemeji, ila ulimi wake hauna undugu na mtu. Akasema shemeji, nyumba hii nilijua ina mmea, sikujua ina ibada. Halafu jicho likapanda juu. Akasema Mzee mbona kama hajalala vizuri? Nikasema ni baridi. Nje jua linachoma lami.

Kaondoka bila kiti. Mtu aliyekuja kuazima kiti, akaondoka bila kiti!


Jumamosi, tarehe 7 Juni

Nimekwenda kwa muuza maua wa pale kona. Niliingia kwa akili. Nikasema nina rafiki, ana mmea, kaukata kwa bahati mbaya. Muuza maua akauliza rafiki yako ni fundi nguo? Kumbe nilikuwa na vipande vya uzi begani. Basi nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na sababu ya fundi saa kuhama nikamwongezea. Nikamwambia haya yaishie hapa. Akasema kwake yanaishia hapa kila siku.

Akaniambia mimea ya namna ile haishonwi, inanyweshwa. Nitazame kwenye shina, nitaona vifundo, na penye kifundo pana kichunusi cha kahawia. Ndiyo mzizi uliolala. Nikate chini kidogo ya kifundo, nikitie majini, siku chache utaamka. Rahisi hivyo! Na mimi nimetumia satini.

Nimepata chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Nikapanda kiti. Niifunge kwenye msumari juu ya mlango, niifiche kwa majani, utepe juu yake. Tatizo shina halikufika majini, likataka kulegezwa upande wa dirisha. Juu ya dirisha pana lile boksi refu la mbao linaloficha fimbo ya pazia, na Mzee anapita nyuma yake. Kadi imesema pazia lisiguswe. Mimi sikugusa pazia. Nilivuta shina.

Likaja. Lote! Likanijia mkononi lina ncha mbili, kama mshipi.

Nilikaa juu ya kiti na futi saba za Mzee mapajani, sielewi. Nimekata mara moja. Nani amekata mara ya pili?

Nikachungulia nyuma ya boksi. Chupa! Ya manukato, ya zamani, kubwa, imejaa mizizi myeupe iliyojisokota kama nywele zilizotolewa kwenye kitana. Na kutoka kwenye chupa ndiyo linaanza lile shina linalokwenda kwenye picha na kiti. Pale lilipokutana na la chungu limefungwa kwa uzi. Mweusi, wa pamba, nyuzi tatu. Uzi wangu! Mama aliniomba kipande, mwaka wangu wa kwanza chini ya ngazi. Nilidhani anashona kifungo.

Kwa hiyo ncha anayoisalimia kila asubuhi haijashikana na chungu cha marehemu. Mwaka wa tisa! Na kakata mwenyewe.

Loo! Loo! Loo! Na sina wa kumwambia!

Maji ya kwenye ile chupa yalibaki kama ya kuoshea jicho. Kwa ile haraka ya safari alisahau kuijaza. Nimeijaza. Shina langu nimelitia kwenye chupa ya kikohozi, ile ncha nyingine nimeirudisha nyuma ya boksi. Nimefunga mlango, nimeshuka, nimeuma mkono wa shati.


Jumatatu, tarehe 9 Juni

Siku mbili sijasema. Tumbo limevimba. Mke wangu kauliza kama nimekula kitu kibaya. Nikasema nimeona kitu. Akasema basi nikae nacho.

Kanipa ujanja: pini. Fundi akiwa na pini mdomoni hasemi. Nimekaa na pini sita tangu asubuhi. Wateja wawili wamesifu utulivu wangu.

Msusi kapita mara tatu. Mara ya tatu akasimama, akasema Jumamosi aliniona nimetoka dukani kwa muuza maua nimekumbatia kitu kama mwizi wa kuku. Akasema Mama akirudi, yeye hatasema neno, atanyoosha kidole tu kuelekea juu ya mlango. Nikataka kumjibu. Pini!


Jumatano, tarehe 11 Juni

Mzizi! Mmoja, mweupe, mfupi kuliko kucha ya mtoto. Nimeutazama kwa miwani, bila miwani, na kwa miwani tena. Majani ya katikati yameanza kuinua vichwa. Manne yamekuwa njano, nimeyatoa nikayaweka mfukoni.

Hesabu yangu: leo mzizi mmoja, Jumamosi mitatu. Nitamweleza Mama kuwa utepe ni pambo la kumpongeza mjukuu. Hakuna atakayeona. Isipokuwa Msusi.

Mpango: kesho nimwambie Msusi kwamba Mama kapiga simu, anarudi Jumatatu. Atakuwa kaenda sokoni kununua nywele Mama akiingia. Nina akili, sema tu watu hawajui.


Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mama karudi leo.

Niko barazani namdanganya Msusi habari za Jumatatu, gari likasimama nyuma yangu. Msusi akanitazama. Sijawahi kuona mtu akitabasamu kwa meno yote namna ile.

Tukapanda watatu. Nikafungua mlango. Mama akaingia, akaweka begi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti. Akaishika ile ncha, akaiambia ni mtoto wa kike, mzima, ana masikio yako. Hakututazama. Nikasema moyoni, Mungu ni mkubwa, yamepita.

Msusi akanyoosha kidole.

Mama hakuelewa. Msusi akavuta kiti, akapanda, akasema mama yangu, mimi si mtu wa maneno, tazama kwa macho yako. Akaung'oa utepe. Na chupa ikaja na utepe! Maji yakamwagika kwenye kichwa alichokuwa kasukwa jana, yakamteremka shingoni, na futi saba za Mzee zikamfuata, zikamkalia mabegani kama shada la bi harusi. Matone tu. Msusi, pamoja na hayo yote, akasema kwa heshima kabisa: Redio kamkata Mzee.

Redio ni mimi. Wananiita hivyo nyumba nzima, na ni kosa, maana redio huzimwa.

Mama akautazama ule mzizi mmoja. Akanitazama mimi. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, hakikutoka kitu. Jicho langu lenyewe, sikulituma, likaenda juu ya dirisha. Kwenye boksi.

Mama naye akatazama boksi. Kisha akanitazama tena. Uso wake ukabadilika rangi. Niliogopa, haki ya Mungu, si kwa ajili ya chumba. Niliogopa atalia.

Hakulia. Akamwambia Msusi ashuke asije akaanguka. Akasema fundi alimkata Mzee kwa sababu yeye alimwagiza, anataka mche wa mjukuu. Akasema ahsante kwa kujali, mwanangu, nenda kajifute. Na akiwa mlangoni akamwambia: chumba cha mbele ni cha fundi.

Nilishuka ngazi kwa makalio.


Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mama kaniita chai, mlango kaufunga. Hakuzunguka. Akaniuliza aliyejaza maji kwenye chupa ya manukato ni nani. Nikasema mimi, tangu Jumamosi. Akasema njiani kote aliikumbuka, akajua atakuta imekauka, na hakuweza kumwomba mtu kwa sababu angelazimika kusema.

Basi akasema. Mwaka wa pili baada ya mazishi, asubuhi moja alikuwa anafuta vumbi, akamkasirikia mumewe. Hivyo tu. Kaondoka bila kuaga, kaacha bili, watoto na mmea. Akaushika ule mmea kwa mikono miwili akauvuta kutoka ukutani. Ukakatika. Halafu akakaa sakafuni na kile kipande mpaka jioni, akakitia kwenye chupa ya manukato aliyonunuliwa na yule yule aliyemkasirikia. Watoto wake hawajui. Wanadhani baba yao anakua mpaka leo, bila kukatika. Akasema fundi, najua nakupa mzigo mtu mwenye mdomo kama wako. Akasema lakini uliona tangu Jumamosi na hukusema kitu. Yaishie hapa.

Nililia, mimi. Nikaapa kwa macho yangu mawili.

Na nilikuwa namaanisha.


Jumatatu, tarehe 16 Juni

Chumba cha mbele! Nimetunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila kulamba, bila kumwita mke wangu. Nikauchomoa nikautunga tena, kwa raha. Kumbe nguo ya buluu niliyoishona mwezi mzima ni ya zambarau.

Na dirisha! Barabara nzima inapita puani kwangu. Kila mtu anasimama, anasema hongera fundi, umekipataje? Nimeweka pini kumi na mbili.


Jumanne, tarehe 17 Juni

Muuza maua kapita. Kauliza rafiki yako mwenye mmea anaendeleaje. Yeye ndiye aliyenisaidia, kunyamaza ingekuwa utovu wa adabu. Nikatoa pini, moja tu, ya pembeni. Halafu ikawa lazima nitoe na nyingine ili nisimeze.

Nilimwambia kidogo. Sehemu ya kwanza. Lakini sehemu ya kwanza haina maana bila ya pili, na ya manukato ndiyo inayoliza.

Alilia. Akasema haya yataishia hapa. Mtu mmoja tu, na amelia! Siri iliyomliza mtu si umbeya, ni mawaidha.

Sasa hivi, naandika hapa dirishani, ndio namwona kakaa kwenye baraza ya Msusi, kichwa kimeinamishwa, anasukwa. Mdomo wake unatembea.

Mkono wa Msusi umesimama.


Alhamisi, tarehe 19 Juni

Niko chini ya ngazi. Hii mistari kama imepanda kilima ni kwa sababu siioni.

Juzi Msusi kaongea na mteja, mteja ana dada, dada kasoma na binti wa Mama, na binti wa Mama ana simu. Jana jioni Mama kateremka mwenyewe mpaka chumba cha mbele. Hakufoka. Laiti angefoka. Kasema mwanawe kampigia, kalia, halafu kacheka, halafu kasema mama, miaka yote hiyo ulibeba chupa peke yako? Naye Mama mwenyewe, usiku ule amelala vizuri kuliko alivyolala tangu awe mjane. Nikasema basi Mama, imekuwa heri! Nikaanza kujipongeza.

Akasema ya mtoto wangu ni ya mtoto wangu. Wewe uliapa kwa macho. Nipe ufunguo.

Akanipa kitu kingine badala yake: chupa ya kikohozi, na zile futi saba. Mizizi sasa mitano. Akasema huyu umemkata wewe, umlee wewe. Akasema mmea wa namna hii unavumilia giza, na asiyevumilia ajifunze kwake. Nimeutundika kwenye ngazi, unaning'inia mbele ya cherehani. Mke wangu kafupisha kamba ya mkasi.

Msusi kahamia chumba cha mbele. Kapita hapa kunijulia hali, si mbaya wa roho, kaniletea taa. Kwa kunihurumia kaniambia siri yake moja, kubwa, kuhusu fundi saa na sababu ya kweli ya kuhama, ambayo mimi na majigambo yangu yote sikuijua. Kaniomba isitoke nje ya ngazi hizi. Nimeapa.

Nimekaa nikafikiri sana leo, nikaona nilipokosea. Nimejua. Nilimwambia mtu mmoja tu! Ukimwambia mtu mmoja, ikitoka wanajua moja kwa moja ni wewe. Ningewaambia watano, nani angejua imeanzia wapi?

Hii ya fundi saa nawaambia watano. Nimeshaandika majina yao hapa pembeni, juu ya vipimo vya mwalimu. Wa kwanza ni muuza maua.